Aliyeingoja Sindano

Kwenye mlango wa chumba cha chini ya ardhi palibandikwa karatasi yenye amri tatu: VUA VIATU. ZIMA SIMU. SUBIRI TAA. Inspekta alitii ya kwanza, akaidharau ya pili, na ya tatu hakuielewa. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia nje kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Aibu ikamshika kidogo. Lakini nani anayeshona soksi kabla ya kwenda kuchunguza mauaji?

Ilikuwa saa nne asubuhi, Jumanne. Saa nane mchana Mzee Kobe, mlinzi wa jengo lile, alikuwa apandishwe kizimbani kwa kosa la kumuua Profesa. Mkuu wa kituo alishalifunga jalada moyoni mwake. Kilichobaki ni sahihi ya Inspekta.

"Wewe Kupe," alimwambia asubuhi ile, kwa jina ambalo kwa kawaida walimwitia kisogoni, "safari hii achia. Mtu tunaye, ushahidi tunao. Unangoja malaika ashuke?"

Ushahidi wenyewe ulikuwa huu. Jumapili mlinzi alikuwa zamu peke yake. Yeye ndiye aliyeukuta mwili, saa kumi jioni. Ijumaa iliyotangulia aligombana na Profesa mbele ya watu. Na mfukoni mwake mlikutwa vipande vya kibanio cha Profesa, kile cha chuma cha kushikia vitu vidogo. Alipoulizwa, mzee alisema alikiokota sakafuni kikamvunjikia mkononi kama biskuti, akaogopa kuambiwa alipe, akakificha. Askari walicheka wakashika mbavu. Chuma kivunjike kama biskuti! Hata uongo una adabu yake.

Inspekta hakucheka. Alipita selo kabla ya kuja huku, akamkuta mzee na pingu zake, mikono imejaa vumbi la kijivu kuanzia viganjani mpaka juu ya vifundo.

"Pingu zenu chafu, mwanangu," mzee alisema. "Zinanipaka."

Nje, kwenye benchi, alikaa binti yake. Alikuwa hapo tangu Jumapili usiku, hajabadili hata nguo. "Baba yangu hakimbii hata mvua ikimnyeshea," alimwambia Inspekta. "Miguu imemvimba miaka sita sasa, buti havui mpaka tumsaidie watu wawili. Watu wanamwita Kobe, na yeye anaitika. Mtu kama huyo ataua vipi?"

Swali lile likamganda Inspekta, naye ndiye aliyezoea kuwaganda wenzake.

"Karibu, Afande," alisema Fundi wa maabara kwa kunong'ona, akamfungulia mlango wa kile chumba cha chini. Alikuwa mwembamba, wa makamo, ana vidole virefu kama vya mpiga kinanda. "Tanguliza vidole vya miguu, kisigino kifuate. Hapa hatutembei, tunapita."

Chumba kilikuwa kimegawanywa na kioo. Upande wa nje kulikuwa na meza, rafu, swichi chache ukutani na koki kubwa ya bomba lililozungushiwa sponji. Upande wa ndani, juu ya jiwe lililoning'inizwa kwa springi, ilikaa mashine. Profesa alifia miguuni pake.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," Inspekta alisema.

Macho ya Fundi yaling'aa. Watu wa kazi yake hawaulizwi mara nyingi. "Kila kitu kimejengwa kwa atomu, Afande. Wewe, mimi, ukuta huu. Atomu ndiyo tofali. Wenzetu wanachonga, wanayeyusha, wanagonga. Sisi tunapanga tofali moja moja. Ile mashine ina sindano, na ncha ya sindano ni atomu moja tu. Inaokota, inasogeza, inaweka. Sindano nachonga mimi. Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Na taa?"

Fundi alionyesha balbu nyekundu juu ya mlango, iliyo na mwenzake nje ngazini, kisha swichi yake ukutani. "Sindano ikifanya kazi, taa inawaka. Ikiwaka, unasimama ulipo. Hukohoi, husogei, hukuni pua. Mtu akipiga chafya ghorofani, safu nzima inaharibika. Ndiyo sababu kazi nzito tunaifanya Jumapili mchana, jengo likiwa tupu."

Inspekta alisogea kwenye koki. Daktari alishamwambia Profesa alikufa vipi: naitrojeni, hewa ile ile tunayoivuta kila siku, lakini iliyopozwa mpaka ikawa maji. Ikimwagwa kwenye chumba kilichofungwa inageuka tena hewa, inaisukuma nje ile ya uhai, na mtu hasikii harufu wala maumivu. Anavuta pumzi kama kawaida, kisha magoti yanamwisha. King'ora cha kuonya kilikuwepo. Betri yake haikuwepo.

"Koki hii ilifunguliwa kutoka hapa nje," alisema.

"Naam. Na mlinzi ana funguo za vyumba vyote," Fundi alidokeza kwa upole.

Macho ya Inspekta yalitua rafuni, penye kitabu cha zamu na chupa ya chai ya kizamani, yenye maua mekundu, zile ambazo ndani ni kioo. Kifuniko kiliwekwa juu juu tu, upande, na shingoni palikuwa na umande.

"Nimetoka nyumbani bila hata tone la chai," alisema. "Hebu nimiminie, ndugu yangu."

"Imepoa, Afande."

"Hata baridi nakunywa."

"Ni ya jana." Fundi alijisogeza, akasimama kati ya Inspekta na rafu. "Itakuharibu tumbo."

Basi Inspekta akaiacha chai. Akaomba kitu kingine: kuna mahali mashine inaandika mtikisiko wa chumba?

Ipo karatasi, Fundi alisema, akaitoa kwenye droo kwa mikono miwili, kama anayebeba kitoto kichanga. Ndefu, imekunjwa mara nyingi. Mstari wa juu ulikuwa kazi ya sindano. Wa chini ulikuwa mtikisiko, dakika kwa dakika.

"Hii ya Jumapili hamkuichana?"

Fundi alimtazama kama aliyetukanwa. "Karatasi ya mashine haichanwi, Afande. Hapo kuna safu arobaini bila kosa moja. Haijawahi kutokea popote."

Inspekta akapiga magoti sakafuni, akaitandaza. Alichukua muda. Ukupe wake ulianza hapo. Fundi alihema, akajikuna, akatazama saa, na Inspekta yumo tu, kidole kinatambaa juu ya mstari. Mwisho akaomba na ya Ijumaa. Ilikuwa imepanda na kushuka kama meno ya msumeno.

"Hapa ni nini?"

"Ndiyo siku ya ugomvi. Mzee Kobe alipita ukumbini na mabuti yake, taa inawaka. Kazi ya siku sita yote ikaenda na maji. Profesa akamwambia avue buti au aache kazi."

"Sawa. Na hapa, Jumapili, saa saba na dakika kumi na sita?"

"Mtu ameingia chumba cha nje," Fundi alikiri. "Mlinzi, bila shaka."

"Bila shaka!" Inspekta aliziweka karatasi mbili sambamba. "Haya ya Ijumaa ni meno ya mamba. Haya ya Jumapili hata panya angepiga kelele kuliko hivi. Huyu alikuja kwa soksi, na alitanguliza vidole. Mzee Kobe kuvua buti ni shughuli ya watu wawili. Nani alimsaidia, Profesa?"

Fundi aliinama, akanyoosha pembe ya karatasi iliyojikunja.

Inspekta aliendelea kufuata mstari. Mtu ameingia saa saba na dakika kumi na sita, sindano ikiwa imepumzika. Kisha sindano inaanza tena, taa inawaka, mstari umelala. Umelala, umelala, umenyooka kama uzi. Saa nane kasoro dakika tano sindano inamaliza, taa inazimika. Dakika hiyo hiyo hatua zinaanza tena, kuelekea kwenye koki. Mtetemo mnene wa bomba lililofunguliwa. Saa nane na dakika tatu, kishindo kimoja. Uzito wa mtu.

Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Dakika thelathini na tisa. Aliyekuja kuua alisimama mita tano kutoka kwa mtu wake, dakika thelathini na tisa, bila kuhamisha hata unyayo. Inspekta amewahi kukutana na wauaji wenye hasira na wauaji wenye pupa, na wote aliwaelewa. Huyu alimwogopesha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya kile kilikuwa kimeandikwa.

Ko, ko, ko, ko. Visigino virefu vilishuka ngazi, mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Mkurugenzi wa maabara, simu mkononi, manukato yakimtangulia.

"Mama, viatu," Fundi alinong'ona.

"Niache na viatu vyangu. Hapa ni kazini, si kitandani." Akamgeukia Inspekta. "Afande, kuna wageni wanakuja kesho kuona mashine. Mtatuachia lini chumba?"

"Ukinijibu vizuri, mapema. Jumapili mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mzee Kobe anasema aliliona gari lako nyuma ya jengo, saa saba."

"Mwenye kuzama hushika hata nyasi. Ulitaka aseme nini?"

"Gari lako linavuja oili, mama. Pale ulipoegesha leo kuna doa. Nyuma, penye mlango wa mitungi ya gesi, kuna pacha wake. Na mlango ule una funguo mbili tu: wako na wa Fundi."

Mkurugenzi aliishusha simu. Kiburi kikamshuka. "Sawa. Nilikuja. Profesa alinipigia Jumamosi akasema akimaliza ile sahani ataipima mara moja, kisha ataichoma. Sahani ya kioo, kama ukucha hivi, ndiyo wanayoipangia safu zao. Kazi ya miaka! Nikaja kumrudisha akili. Nikafika ngazini, nikaona hiyo taa yao nyekundu, nikaghairi. Mimi kusimama kama mlingoti siwezi, Afande. Nikaondoka zangu."

"Na sahani iko wapi?"

"Nilidhani mnayo nyinyi!"

Njia ya mwongo ni fupi, na huyu mama alishaimaliza yake. Mbele alikaa mlinzi, na nyuma ni wawili tu wenye ufunguo. Wote wawili hawakutaka sahani ichomwe. Soksi kila mtu anaweza kubaki nazo akitaka kuua. Lakini zile dakika thelathini na tisa hazivaliwi wala hazivuliwi. Ziko mwilini.

"Fundi," alisema taratibu, huku mkono wake ukienda nyuma ya mgongo, ukutani. "Nipe kile kitabu cha zamu."

Fundi alipiga hatua moja kuelekea rafuni. Inspekta akabonyeza swichi.

Taa nyekundu ikawaka.

Mkurugenzi hata hakuitazama. "Na nani atawaeleza hao wageni?" aliendelea, visigino vikigonga sakafu huku na huku. "Ati nani? Mimi! Kila kitu mimi!"

Fundi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Mkono umenyooka hewani, vidole vimebaki shubiri moja kutoka kwenye kitabu, mguu wa nyuma haujatua. Kifua hakipandi. Hata kope hazichezi. Mashine ilikuwa imezimwa tangu Jumapili, sindano yake imefungiwa kabatini, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifungia. Mwili haukuulizwa.

Mkurugenzi alinyamaza pole pole. Akamtazama Fundi, akamtazama Inspekta, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Dakika thelathini na tisa ungeweza kusimama hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Nimewahi kusimama saa mbili," Fundi alijibu kwa kunong'ona, kwa fahari kabisa, kabla akili haijaukamata ulimi. Inspekta akazima taa. Mguu ukatua. Na uso wa yule mtu ukaporomoka wote mara moja.

"Ulikuja kumuua, ukamsubiri amalize."

"Zilikuwa zimebaki safu tatu." Alisema hivyo kama jambo linalojulikana na kila mwenye akili. "Ningeikatiza vipi kazi ya mtu?"

"Kazi yake hukuikatiza. Pumzi yake je?"

Fundi alikaa chini sakafuni. "Miaka kumi na tisa, Afande. Wenzangu wanaoa, wanazaa, wanazika, mimi nasubiri taa. Kitu kimoja tu kimetoka mikononi mwangu kikiwa kizima. Halafu ananiambia, bwana, tutakichoma. Kama takataka!"

"Na mzee wa watu uliyemwachia mzigo?"

Hapo Fundi aliinamisha kichwa. Inspekta alinyoosha mkono kuelekea kwenye chupa ya chai. Fundi akaruka kama aliyechomwa moto.

"Usiifungue! Baridi ndiyo inayoilaza!"

"Imo humu? Kwenye chupa ya chai? Na mna chupa za chuma chumba kizima?"

"Chuma haiwezi kukaa nacho." Alivuta pumzi. "Safu zile si pambo. Ni mpangilio. Chuma kikiugusa, atomu zake zinauiga, zinaachiana mikono. Kinakuwa unga. Na hicho chuma kikigusa kingine, nacho kinaiga. Ya majaribio ilikula sindano nzima Ijumaa usiku. Ndipo Profesa akaogopa."

"Inakomea wapi?"

"Kwenye baridi kali inalala. Pengine pa kukomea hatukupajua. Mwanzo inatambaa polepole, kama kutu. Siku ya pili inatembea. Siku ya tatu..." Hakumalizia.

"Nani mwingine ameigusa?"

"Hakuna. Naapa. Niliitoa mimi mwenyewe, kwa glavu, nikaitia chupani, ndani ya naitrojeni ile. Iko salama, Afande."

"Uliishika na nini?"

"Na kibanio. Kikaanza kulegea, nikakitupa hapo chi..."

Neno lilimfia kinywani. Inspekta alikuwa ameshafungua mkoba wake. Bahasha ya ushahidi ilikuwa ndani, ile yenye vipande vya kibanio, aliyoibana kwa klipu ya chuma asubuhi ile. Klipu haikuwepo. Palikuwa na mstari wa vumbi la kijivu, na bahasha imejifungua yenyewe. Alilitambua vumbi lile. Alikuwa ameliona saa mbili zilizopita, kwenye viganja vya mzee aliyekiokota kile kibanio kwa mikono mitupu, akafungwa pingu, akashika nondo za mlango wa selo siku mbili usiku na mchana.

Simu ikalia mfukoni. Chumba kile hakijawahi kusikia simu. Fundi aliganda tena, maskini, bila hata taa.

"Afande, usicheke," ilikuwa sauti ya Sajini wa zamu.

"Sicheki. Sema."

"Pingu za Mzee Kobe zimekatika. Hakuzikata, zimekatika tu, kama biskuti. Na mlango wa selo umeanguka. Umemwagika, niseme hivyo. Nondo za dirisha nazo zinamwagika."

"Mzee yuko wapi?"

"Ndiyo ajabu! Amekaa pale pale. Mlango hakuna, na yeye kakaa. Anasema hatoki mpaka aambiwe, asije akadhaniwa anatoroka."

Inspekta alifumba macho. Nondo za dirisha zimeingia ukutani. Ukutani zimefungwa kwenye nondo za nguzo. Juu ya nguzo kuna ghorofa tatu, na chini yake benchi moja lenye binti wa watu.

"Sajini, toa watu wote nje. Wote, sasa hivi, na mbali. Wasiguse kitu cha chuma."

"Kwa nini, Afande? Maana huku juu kuna mlio, kama mtu anasaga meno, tulidhani ni..."

"Watoe! Na simu mpe mzee."

Ikachakacha. Kisha sauti ya kuzeeka, yenye wasiwasi: "Mwanangu, mimi sikuvunja kitu. Vimeanguka vyenyewe."

"Najua, mzee wangu. Na Jumapili pia kilivunjika chenyewe, najua. Uko huru. Aliyemuua Profesa ninaye hapa."

"Alhamdulillahi." Mzee akashusha pumzi ndefu, ya siku mbili. "Basi nitainuka taratibu. Unajua hii miguu..."

"Kimbia, baba."

"Unasemaje?"

"Kimbia! Mshike mwanao mkono, mkimbie!"

Nyuma ya sauti yake ule mlio wa kusaga ulikuwa umepanda, mtu mmoja akapiga kelele, viti vikaanguka. Mzee hakuuliza tena. Inspekta aliibana simu sikioni, akasikia buti mbili nzito zikianza kugonga sakafu, moja, kisha nyingine, polepole.